Kamera Iliyonunuliwa kwa Mtamba

Nimefunga studio yangu ya Bagara mwaka huu. Sikupenda, ila magoti yamekataa kuchuchumaa na macho yameanza kubishana na lenzi. Ninyi wapiga picha wenzangu wa Babati mlinifanyia sherehe nzuri, na nawashukuru. Mlinipa saa ya ukutani, zawadi ambayo watu humpa mtu asiye na mahali pa kuwahi tena. Lakini katika sherehe ile ile binti mmoja aliyeanza kazi juzi aliuliza mbele ya wote, "Mama Emanueli, mtu anayeanza anunue kamera gani?" na kabla sijafungua mdomo mkamjibu ninyi. Mmoja alitaja kamera ya bei ya shamba. Mwingine alimwambia kama hana lenzi tatu asijisumbue. Mwingine akasema akakope. Binti alikuwa anaandika kwenye simu huku uso unazidi kushuka. Nilikasirika, nikanywa soda yangu, nikanyamaza kwa sababu ilikuwa sherehe. Sasa sherehe imekwisha, acha niseme.

Nilifika Babati nikiwa nimemaliza darasa la saba, nikitokea upande wa Dareda, chini ya milima ya Mbulu, ambako baba yangu alilima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache. Wakati huo hatukuwa na mkoa wetu. Tulikuwa bado chini ya Arusha, na barabara ya kwenda huko ilikuwa vumbi kiangazi na uji wakati wa masika. Nilifikia Bagara kwa shangazi Veronika, dada yake baba. Ninyi mliozaliwa baadaye mnazisikia habari za miaka ile ya themanini kama hadithi: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unga wa njano, duka la ushirika lenye rafu ndefu ambazo hazikuwa na kitu zaidi ya kiwiko cha muuzaji. Si hadithi. Mabibi harusi walifunga ndoa wakiwa na viatu vya kuazima, na viatu hivyo hivyo Jumamosi iliyofuata vilikwenda kanisani tena na miguu mingine. Najua, maana nilivipiga picha.

Kazi niliipata kwa Mzee Gwandu, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja karibu na stendi na chumba cha giza nyuma yake. Siku ya kwanza sikushika kamera. Nilipewa ndoo mbili. "Maji," aliniambia. "Maji mengi. Picha ikibaki na dawa, harusi itakuwa ya njano kabla ndoa haijakomaa." Kwa hiyo nilichota maji, nikasuuza picha, nikazianika kwenye kamba kama soksi. Baada ya kazi ya ndoo ikafuata kazi ya kivuli. Alinipeleka uani, akaniambia ninyooshe mkono juu ya ardhi nitazame kivuli chake. Kingo zikiwa kali kama zimekatwa kwa wembe, punguza tundu la lenzi. Zikiwa laini, fungua. Kivuli kikipotea kabisa, mwambie mteja atulie asipumue. Sikujua kwamba mahali pengine watu walikuwa na kifaa cha kupima mwanga. Mzee Gwandu alikuwa nacho pia, kwenye droo, kimekufa, kinangoja betri ambayo haikuwahi kuja.

Alikuwa mtu wa maneno machache na sigara nyingi, pale zilipopatikana. Zilipoadimika alitafuna kijiti na kuwa mkali. Lakini alinifundisha kila alichokijua na hakuwahi kuniambia kwamba kazi ile si ya wanawake, jambo ambalo mji mzima ulikuwa tayari kuniambia bila malipo.

Siku moja nilipokuwa nimeshazoea kupiga picha za kadi na vitambulisho kwa kamera yake, aliichukua mikononi mwangu akaifuta taratibu. "Paskalina," alisema, "hii ni moja, na tayari ina mwenyewe. Ukitaka kuwa mpiga picha, tafuta yako. Ila usiende kununua peke yako."

Shangazi aliposikia alishika kiuno. "Kamera? Si ununue cherehani kama watu?" Nikamwambia cherehani sijui. "Basi kamera unaijua?" Nikamwambia ndiyo. Alinitazama kama nimesema naijua ndege.

Ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Sefu, aliyekuwa anafunga na kufungua mzigo wake nyuma ya chumba cha fundi nguo. Aliitoa kwenye gazeti kama mtu anayetoa kichanga kwenye nepi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, bado ina harufu ya upya. Moyo wangu ulikwenda wote.

"Hii inapima mwanga yenyewe, inafanya kila kitu yenyewe," Sefu alisema. "Wewe dada kazi yako ni kubonyeza tu."

Mzee Gwandu hakuigusa. "Inakula nini?"

"Betri. Kidogo tu, kama kifungo cha shati."

"Nikizitaka nyingine nazipata wapi?"

"Arusha zipo."

"Duka gani?"

"Mzee, mbona unanihoji kama polisi?"

"Na bila betri?"

Sefu akacheka, akaitikisa kidogo. "Bila betri haifunguki, mzee. Ni ya kisasa."

Tulitoka. Nilikuwa na machozi, nakiri hivyo, na nilimchukia Mzee Gwandu mpaka stendi. Wakati huo hata betri za tochi zilipatikana kwa kujuana. Mji mzima ulitembea gizani ukiwa na tochi mkononi. Na mimi nilitaka kamera inayokula kitu ambacho hata mganga mkuu hakukipata.

Ya pili ililetwa na binamu yake shangazi kutoka Dar es Salaam: ndogo, ya plastiki, nyepesi kama kiberiti. Ilitumia mkanda wa filamu wa peke yake, na mkanda huo hakuna aliyewahi kuuona Babati wala Arusha. Mzee Gwandu aliizungusha mara moja akanirudishia. "Kopo lenye kioo," alisema, akaendelea na kazi yake.

Ya tatu ilikuwa Sigino, nyumbani kwa Bwana Elisante. Huyu alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye enzi za kazi yake alipewa kamera ya kupigia picha wadudu wa pamba na mahindi, na alipostaafu akaachiwa. Ilikuwa kamera ya macho mawili, lenzi moja juu ya nyingine, ngozi imebanduka pembeni, nzito kama jiwe la kusagia. Huiweki usoni. Unaishika tumboni, unainama, unamwona mtu kwenye kioo cha juu, kulia kwake kumekuwa kushoto. Haina betri. Ina gia na springi tu, na Mzee Gwandu aliifungua pale pale kwa kisu kidogo, akaangalia ndani, akasikiliza kilango cha lenzi kikifunguka na kufungika, polepole, haraka, haraka zaidi, sikio lake karibu kama daktari.

"Hii naweza kuitengeneza," alisema. "Na mkanda wake mpana. Umeme ukikatika, unalaza negetivu juu ya karatasi, unabana kwa kioo, unafungua dirisha. Picha ipo."

Bwana Elisante alikuwa na mikanda kadhaa aliyoihifadhi ndani ya chungu chenye baridi. Niliuliza bei. Akatikisa kichwa. "Fedha sitaki. Nitanunulia nini? Nimetoka dukani leo, wana nyembe na vibao vya kuandikia. Nipe mnyama."

Nilikuwa na mtamba. Baba alinipa siku ya kipaimara changu, mwekundu mwenye doa kwenye paji la uso, na alikuwa anakua pamoja na ng'ombe wa nyumbani. Nilikwenda Dareda nikasema jambo langu. Baba hakupiga kelele. Alisema, "Unatoa kitu kinachozaa, unachukua sanduku lisilozaa." Mama akaingilia, akasema mnyama ni wa mtoto, alipewa mbele ya padri. Basi baba akamfungua kamba mwenyewe, akanikabidhi, akageuka akaenda shambani. Hakunisemesha tena kwa miezi.

Kwa hiyo ninyi mnaomwambia binti wa watu akakope, mjue mimi yangu niliinunua kwa kimya cha baba.

Sasa niwaambie ubora wake, maana hamtaupata kwenye matangazo. Watu wa Hanang na wazee wa Mbulu hawakupenda kitu cha jicho moja kinachowalenga usoni, walifunika watoto. Ile ya kwangu uliiinamia. Walidhani nasalimia. Na kwa sababu nilikuwa siwaelekezei kitu usoni, nyuso zao zilibaki zao. Kamera ya kuanzia ni ile inayokuruhusu kumwona mtu na mtu akuvumilie. Hayo mengine ni mapambo.

Nilikuwa naitumia kwa uchache. Mkanda mmoja ulikuwa na nafasi kumi na mbili, na sisi sote wa kazi hiyo tulingoja ujae ndipo tuusafishe. Hakuna aliyetupa nafasi. Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa Kibarbaig kutoka tambarare za Hanang, amevaa ngozi zake na bangili, mgongoni ana mtoto wa kike wa kama miaka mitatu, pembeni yake kijana wake mkubwa, Gidamis. Alikuwa ametoka hospitali. Dawa zilikuwa haba nchi nzima, na walikuwa wameambiwa wampeleke mtoto mbali zaidi.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi."

"Baba yake huyu yuko na ng'ombe mbali. Mvua imekataa kwetu, amewafuatia majani. Aliondoka huyu akiwa wa kubebwa mkononi. Nataka amwone."

Nilimkalisha mtoto kwenye kigoda uani kwa shangazi, kwenye kivuli laini cha ukuta. Homa ilikuwa imempa macho makubwa. Nilipoinama juu ya kamera, na yeye akainama, akichungulia ninachochungulia. Nikangoja. Alipoinua uso, nikabonyeza. Nilijua nimempata. Katika kazi hii unajua hapo hapo, mkono unakuambia. Nikamwambia mama yake apite akirudi kutoka hospitali ya mbali, picha itakuwa tayari.

Wiki ile ile ukaingia msako. Ninyi mmeusoma shuleni: walanguzi, wahujumu, watu waliotupa mifuko ya sukari mitoni ili wasikutwe nayo. Sipingi kwamba walanguzi walikuwepo. Lakini nataka mwelewe ni nani alikamatwa Bagara. Sefu hakukamatwa, alikuwa ametoweka siku mbili kabla, maana watu kama yeye huambiwa mapema. Walikuja kwetu. Mgambo wanne na ofisa mmoja ambaye simtaji jina, kwa heshima ya watoto wake ambao hawana kosa. Walipindua vitanda. Walichukua kitenge cha shangazi kilichokuwa hakijashonwa. Halafu ofisa akaona kamera juu ya kabati.

"Hiki nini?"

"Kamera yangu, mzee."

"Risiti."

"Sikuinunua dukani. Nilibadilishana na ng'ombe, na Bwana Elisante wa Sigino."

Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Ng'ombe! Na huyo ng'ombe ana risiti?"

Wakacheka. Mgambo mmoja, kijana niliyesoma naye, alicheka akiangalia chini.

Ofisa akaanza kuibinyabinya akitafuta mlango wake. "Humu ndani kuna nini?"

"Mkanda, mzee. Usifungue. Nakuomba usifungue, mwanga ukiingia—"

"Ahaa. Kwa nini nisifungue?"

Kelele yangu ndiyo ikawa ushahidi. Alifungua. Alipoona karatasi nyeusi imezungushwa alidhani amepata kitu, akaushika mkanda akauvuta wote nje, kwenye jua la saa sita, kama mtu anayetoa utumbo wa mbuzi. Aliugeuza huku na huku. Haukuwa na kitu cha kuonwa na macho. Akautupa chini, akaondoka na kamera.

Shangazi alinishika mikono. Mimi nilikuwa naangalia ule mkanda kwenye vumbi. Harusi mbili zilikuwa mle, na kadi za walimu. Hizo zingerudiwa. Mtoto alikuwa ameshapelekwa mbali.

Mzee Gwandu alikwenda ofisini pamoja nami, akaambiwa asubiri, akasubiri, akaambiwa arudi kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Bwana Elisante alikuja kutoka Sigino kwa miguu, akasema kamera ilikuwa yake na alinipa kwa hiari. Akaambiwa kama anajitaja mwenyewe kuwa alifanya biashara bila leseni basi akae vizuri, wamwandike. Mzee wa watu alitoka mle ameshika miwani yake mkononi, midomo inatetemeka. Alitumikia nchi hii tangu ujana wake, akifundisha watu kupanda kwa mstari. Hadi leo nikikumbuka ile midomo nasikia joto masikioni.

Na bado hamjasikia. Jumapili moja nilikwenda Maisaka kwenye sherehe ya ubatizo. Naingia uani, naona kamera yangu. Iko shingoni mwa shemeji yake ofisa, kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua. Anawapanga watu, anawaambia wacheke, anainama, anabonyeza. Haikuwa na mkanda! Hakuwa na mkanda, hakujua unawekwa wapi. Alikuwa anawapiga watu picha za hewa, na bibi mmoja mzee aliyevalishwa kanga mpya alimuuliza, "Zitatoka lini, mwanangu?" naye akamjibu, "Wiki ijayo, bibi." Nilimwendea nikamwambia kamera hiyo ni yangu. Akaniambia, "Imetaifishwa." Neno zima, bila aibu, mdomo umejaa pilau.

Nilitoka pale nikapanda lori kwenda Dareda. Sikwenda kuomba msaada. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukasirikia. Nilitegemea baba aseme, si nilikuambia. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, tangu risiti mpaka miwani ya jua. Aliendelea kupukuchua. Halafu akasimamisha mkono.

"Rudia. Alisemaje kuhusu mtamba?"

"Alisema, na huyo ng'ombe ana risiti?"

"Wakacheka?"

"Walicheka, baba."

Aliweka chini gunzi. "Mama yake huyo mtamba nilimpata kwa baba yangu," alisema. "Kila mtu kutoka hapa mpaka Bashnet anaujua mkato wa masikio ya ng'ombe zetu. Mimi ni mwizi?"

Kulipopambazuka tulishuka. Alikuja na majirani wawili wenye fimbo na makoti yao ya kanisani. Hatukwenda mjini kwanza. Tulikwenda Sigino, baba akamwamkia Bwana Elisante, wakaongea kwa Kiiraqw, na ghafla zizi likafunguliwa na mtamba wangu akatoka, amekuwa ng'ombe kamili, nyuma yake ndama mwekundu kama yeye. Tukawaswaga mpaka Babati.

Ilikuwa siku ya mnada, na mji ulikuwa umejaa wafugaji. Watu waliona wazee waliovaa makoti wanaswaga ng'ombe kuelekea ofisi, wakaacha shughuli zao wakafuata. Baba alimfunga ng'ombe kwenye nguzo ya baraza, mbele ya mlango. Ndama akaanza kunyonya.

Ofisa akatoka. "Nyie wazee, hili si josho. Ondoeni mnyama."

Baba alivua kofia. "Shikamoo, mheshimiwa." Alikuwa anamzidi umri kwa mbali, na wote waliokuwa pale walielewa maana ya shikamoo ile. "Uliuliza risiti ya ng'ombe. Nimeileta. Hii hapa. Na nyingine ndogo inanyonya."

Kicheko kilianzia nyuma kwa wafugaji. Baba alishika sikio la ng'ombe akalifunua. "Mkato huu ni wa kwetu. Nani hapa anaujua?" Mikono ikanyooshwa, fimbo zikanyooshwa. Mzee mmoja ambaye hatukumjua kabisa alipaza sauti kwamba alinunua dume la mkato huo na hajawahi kudanganywa. "Huyu binti ni wangu," baba alisema. "Mnyama alikuwa wake, akampa Elisante, Elisante akampa sanduku. Hiyo ndiyo biashara ya kwetu. Kama ni kosa, tukamateni wote."

Hakuna aliyecheka tena. Ofisa aliutazama umati, akatazama baraza lake ambalo ng'ombe alikuwa anaanza kulichafua, akaingia ndani. Ikabidi shemeji afuatwe kwake. Kamera ililetwa imezungushiwa kamba, pete ya lenzi ya juu imepinda. "Chukueni sanduku lenu," alisema ofisa. Hakuomba radhi. Kitenge cha shangazi hakikurudi kamwe.

Baba aliipokea yeye, kwa mikono miwili. Aliigeuza, akachungulia kwenye kioo cha juu, akaniona mimi humo kichwa kimeelekea upande usio wake. "Kumbe inaona," alisema. Ndilo neno la kwanza jema alilowahi kusema kuhusu kazi yangu.

Ningependa niishie hapo, kwa ng'ombe. Watu wanapenda niishie hapo. Lakini Mama Gidamis alirudi.

Alikuja mwanzoni mwa mvua, mgongo wake mtupu. Sikuhitaji kuuliza. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akasema, "Nimekuja kuchukua." Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kwa sababu Kiswahili hakikuwa lugha yetu sote wawili, na kwa sababu nilitaka aelewe kwamba picha ilikuwepo, kwamba nilikuwa nimempata mtoto, kwamba iliuawa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliyefungua?"

Nikamwambia ni nani na ofisi yake iko wapi.

Alinyanyuka. Nilimfuata. Alisimama mbele ya meza ya ofisa na bangili zake, akasema, "Nataka mtoto wangu." Ofisa hakuelewa, mimi nikaeleza. Akafungua mikono. "Mama, pole. Lakini kelele zote hizi kwa picha moja tu?"

Picha moja tu. Nimepiga picha maisha yangu yote tangu siku hiyo, na kila ninaposikia mtu akitamka maneno hayo matatu natafuta mahali pa kukaa. Mama Gidamis alinigeukia mimi, kana kwamba ofisa ametoka chumbani. "Baba yao amerudi na ng'ombe," alisema. "Njoo kwetu na hicho chombo chako cha picha."

Mzee Gwandu aliinyoosha ile pete kwa koleo na subira, akanipa mkanda kutoka akiba yake, akakataa nimshukuru. Nikaenda mpaka Hanang, sehemu kwa lori, sehemu kwa miguu na Gidamis akinibebea begi. Baba yao alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, na mkuki wake aliuweka mbali kabla ya kupigwa picha. Niliwapanga mbele ya boma: baba, Gidamis, mama. Nilipoinama juu ya kioo niliona kati ya mama na Gidamis pana nafasi kubwa, picha imekatika katikati. Nilifundishwa kuziba nafasi kama hizo.

"Mama, sogea kidogo kwa kijana wako. Hapo katikati pana wazi."

Hakusogea. "Hapo pana mtu," alisema.

Baba yao alitazama chini mahali pale, kwenye majani, akabaki anatazama. Nikabonyeza hivyo hivyo.

Nilitumia kamera ile mpaka nchi ilipofunguka na maduka yakajaa, na baadaye nikawa na nyingine, zenye betri, nzuri, sina ugomvi nazo. Yule binti wa kwenye sherehe nimemwambia aje nyumbani. Nitamuuliza anataka kumpiga nani, anaishi wapi, kitu chake kikiharibika Babati kuna nani wa kukifungua, na tutakwenda wote kununua, kwa sababu hakuna anayepaswa kusimama peke yake mbele ya muuzaji. Mkimcheka kwa kuwa kamera yake ni kuukuu, mtanikuta mimi.

Yule ofisa alihamishwa mwaka uliofuata, kwa kupandishwa cheo. Walimfanyia hafla ya kumuaga, walichinja, wakaja watu wakubwa, na risala ikasomwa juu ya utumishi wake uliotukuka. Asubuhi ya siku hiyo walimtuma mtu aje kwangu na gari, kwa sababu mjini hapakuwa na mpiga picha mwingine mwenye mkanda. Mjumbe alisema ni picha moja tu, ya kumbukumbu, mheshimiwa na familia. Mkanda nilikuwa nao. Mwanga siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote za mwaka. Nilimkaribisha mjumbe chai, nikamwacha anywe mpaka akamaliza, nikamrudisha na gari lake tupu.

Sikwenda.